Umeme Ukikatika, Redio Husikia

Umeme ukikatika mtaani kwetu Tororo, utasikia watu wakisonya nyumba hadi nyumba. Mimi pia husonya, kwa sababu nina friji na nina watoto wanaodurusu usiku. Kisha hukimbilia redio.

Ni redio ya ridhaa, ile ya watu wenye leseni ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda na alama ya wito inayoanza na 5X, wanaozungumza na walimwengu kwa mawimbi mafupi bila biashara yoyote ndani yake. Yangu inatumia betri ya gari ya volti 12, na antena ni waya tu uliotoka kwenye mwembe ukaja hadi pembe ya paa. Kabla sijaanza kuwinda kelele, jioni ya kawaida, umeme ukiwapo, S-mita, yaani kipimo cha nguvu ya kinachoingia redioni, kwenye bendi ya mita 40 ilikuwa ikisimama kwenye S7 hata kama hakuna mtu anayezungumza. Umeme ukikatika ilikuwa ikiporomoka hadi S2. Pale palipokuwa na mvumo mtupu alikuwa akijitokeza Muitaliano anayemsalimia mwenzake, Mrusi anayegonga Morse, mtu wa Afrika Kusini anayelalamikia hali ya hewa ya kwao.

Kwa asiyezizoea hesabu hizi: kwa makubaliano ya wanaredio, S9 kwenye mawimbi mafupi ni maikrovolti 50 zinazoingia redioni, na kila ngazi moja ya kushuka ni desibeli 6, yaani volti zimegawanywa kwa mbili. Kutoka S7 hadi S2 ni desibeli 30, na hiyo ni nguvu mara 1,000. Yule Muitaliano mwenye wati 100 angehitaji kilowati 100 ili aizidi kelele yangu umeme ukiwapo, kama anavyoizidi umeme usipokuwapo. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kifaa gani ili asikie mbali zaidi, jibu langu huwa halimfurahishi. Namwambia asinunue kitu kwanza, aanze kuzima.

Kabla ya kuzima chochote, inafaa kujua unawinda nini. Sisi tunaishi na radi. Tororo iliwahi kutajwa kwenye vitabu vya rekodi kwa wingi wa siku za radi kwa mwaka, na Ziwa Victoria hapo kusini ni jiko la ngurumo ambalo halizimwi. Radi ikipiga mbali, redio hupasuka: kraa, kimya, kra-kraa, kimya kirefu. Haina mpangilio. Hiyo wanaredio huiita QRN na hakuna fundi wa kuitibu. Ukiiona inakaribia, chomoa antena uende ukanywe chai. Kelele ya vifaa vya binadamu ina tabia nyingine. Ina mpigo, ina mvumo wa namna moja, ina saa zake za kuamka na za kulala. Kitu chenye ratiba kinaweza kukamatwa.

Jaribio la kwanza halina gharama. Weka redio kwenye betri, tafuta sehemu ya bendi isiyo na kituo, tazama S-mita, kisha mtu mwingine aende kwenye swichi kuu ya nyumba na kuishusha. Kelele ikianguka, mwizi unamlisha mwenyewe. Na mara nyingi ndivyo ilivyo. Wengi wetu tungependa awe jirani, kwa sababu jirani ni rahisi kumlaumu, lakini chaja iliyo mita tatu kutoka kwenye redio ina nafasi kubwa zaidi ya kukuharibia usiku kuliko televisheni ya nyumba ya tatu.

Ukishajua ni ndani, pandisha swichi kuu, kisha shusha sakiti breka moja baada ya nyingine mpaka uipate ile inayobeba kelele. Halafu ingia chumbani na kuchomoa vitu. Nasema kuchomoa, si kuzima kwa rimoti, kwa kuwa televisheni iliyolala bado imewasha umeme wake wa ndani. Na ujihadhari na vitu vyenye betri zao: inveta, UPS, kompyuta mpakato, taa za sola. Hivyo havijali umeshusha swichi gani. Inveta huamka palepale umeme unapoondoka, na ikiwa ni zile za bei ya chini zenye umbo la wimbi la ngazi ngazi, inaweza kuleta kelele mpya mahali pa ile uliyoiondoa, ukabaki unajiambia kuwa swichi kuu haikubadilisha kitu.

Orodha ya washukiwa wa nyumba za huku haibadiliki sana: balbu za LED, chaja za simu, adapta za dekoda, adapta za ruta, chaja ya kompyuta, televisheni yenyewe. Siku moja nilichukua balbu ya LED iliyokuwa inavuma vibaya, nikaichomoa, nikaiacha ikae, kisha nikaifungua kofia kwa kisu. Ndani kulikuwa na kibao kidogo kama nusu ya kiberiti. Umeme wa volti 240 unaingia, unapita daraja la diodi nne, unajaza kapasita ya maikrofaradi 4.7 ya volti 400, halafu chipu moja inaukatakata kwa kasi na kuupeleka kwenye taa. Kilichonivutia ni upande wa kuingilia. Kwenye kibao palichapwa mahali pa koili na mahali pa kapasita ya kichujio, tena kwa herufi safi nyeupe: L1, CX1. Mahali pa CX1 palikuwa patupu. Mahali pa L1 palitiwa kipande cha waya mtupu, umeme upite moja kwa moja. Aliyebuni balbu ile alijua inahitaji kichujio na akakichora. Aliyeitengeneza alijua taa itawaka hata bila hicho.

Hiyo ndiyo hadithi ya karibu kila adapta nyepesi. Zamani adapta ilikuwa na transfoma ya chuma, nzito, yenye joto, na kimya kabisa redioni. Za leo hugeuza umeme kuwa volti kama 340 za moja kwa moja, kisha huukata mara makumi ya maelfu kwa sekunde. Chukua adapta inayokata mara 70,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 70. Mkato mkali huzaa zidisho zake zote: 140, 210, 280, na kuendelea. Zidisho la 100 ni megahezi 7 kamili, pale bendi ya mita 40 inapoanzia, na mazidisho yanayofuata yanaangukia 7.07 na 7.14. Ukitazama kwenye kompyuta yenye kuonyesha masafa utaona vilima vilivyopangwa kwa umbali sawa, vikiyumba taratibu kadiri kifaa kinavyopata joto. Ukipima nafasi kati ya kilima na kilima umepata kasi ya mkato, na ukiisikiliza kwa AM mara nyingi utasikia chini yake mvumo wa hezi 100, mara mbili ya hezi 50 za umeme wetu. Hapo unajua unawinda adapta, huwindi radi wala waya wa barabarani.

Lakini kibao kidogo hivyo kinawezaje kutangaza hadi kwenye mwembe? Chenyewe hakiwezi. Wimbi la megahezi 7 lina urefu wa mita 40 na zaidi. Kitu cha sentimita tatu hakina nguvu ya kulirusha. Kinachorusha ni waya. Kelele hutoka kwenye adapta ikapanda kwenye waya wa umeme wa nyumba, na huo ukizunguka ukutani na darini unatimiza mita 10, mita 20, antena nzuri tu. Nyaya zote za kebo husukumwa na kelele kuelekea upande mmoja kwa wakati mmoja, na hapo ndipo dawa inapopatikana: ukizuia mkondo huo wa pamoja usitoke kwenye kifaa, waya wa ukutani unabaki waya wa ukutani.

Dawa hiyo ni feraiti, kauri nyeusi ya kisumaku ambayo waya hupitishwa ndani yake. Si zile za kubana ambazo mtu hununua kumi akazipachika kila mahali, kisha akasema feraiti ni uongo. Waya ukipita mara moja tu ndani ya feraiti ndogo, kwenye megahezi 7 unapata ukinzani wa makumi machache ya omu, hata mia hufiki. Siri iko kwenye mizunguko, kwa sababu ukinzani hupanda karibu na kipeo cha pili cha idadi yake: mizunguko miwili ni mara nne, mitatu ni mara tisa, mpaka mizunguko yenyewe ianze kubanana na kupunguza faida. Pete kubwa ya feraiti ya aina ya 31 (namba ya mchanganyiko wake), ile ya milimita 61, ikizungushiwa waya wa adapta mara kumi au kumi na mbili, hufika omu elfu kadhaa kwenye bendi za chini. Hapo kelele inaanza kukutambua. Pete iwe karibu na kifaa kinachopiga kelele, si karibu na soketi ya mwisho wa ukuta, maana waya ulio kati ya kifaa na pete bado unatangaza. Na ukiwa na waya mbili, wa umeme na wa kwenda kwenye televisheni, zitibu zote mbili. Ukiziba tundu moja panya atatokea la pili.

Kuzipata pete hizo ni kazi nyingine. Madukani Tororo hazipo. Mimi huagiza zangu Nairobi, kwenye maduka ya Luthuli Avenue, zikaja na basi hadi Malaba. Kwa asiye na hela, mafundi wa televisheni wana marundo ya televisheni za mgongo, na kwenye shingo ya kioo cha kila moja kuna feraiti kubwa yenye umbo la kengele. Haikutengenezwa kwa kazi hii na kwenye bendi za juu haina msaada mkubwa, lakini kwenye mita 80 na mita 40 inapunguza kitu, na fundi atakuachia kwa bei ya soda.

Kuna tiba moja ambayo kila fundi umeme ataipendekeza nami nimechoka kuipinga: kuweka waya wa ardhini. Waya wa ardhini ni wa kulinda maisha. Kwenye mji wenye radi kama wetu ninautaka, na nimeuweka. Kelele hauiponyi. Fimbo iliyochimbiwa kwa waya wa mita nne ni waya wa mita nne, na kelele haioni tofauti kati ya waya unaoshuka chini na waya unaopanda darini. Unaweza hata kuiongezea antena. Anayetaka kuamini vinginevyo achomoe waya wake wa ardhini upande wa redio kwa dakika moja, radi ikiwa mbali, atazame S-mita.

Sasa turudi kwenye kukatika kwa umeme, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kuwinda kelele za nje ya nyumba yangu. Ukishasafisha kwako, swichi kuu haikuambii tena chochote. Mtaa ukizimika, unapewa jaribio ambalo hakuna mwanaredio wa Ulaya anayeweza kuliomba kwa majirani zake: nyumba zote, nguzo zote, transfoma zote, kimya kwa pamoja. Kilichoondoka kilikuwa cha umeme wa gridi. Kilichobaki kina betri.

Utamu zaidi uko kwenye kurudi. Umeme unaporudi vitu haviamki pamoja, na mpangilio wa kuamka unavitambulisha. Balbu na chaja huvuma palepale, watu wakiwa bado wanashangilia. Dekoda hujikongoja dakika moja au mbili kabla ya kutulia, na kelele yake hubadilika mara kadhaa katika kupanda. Friji nyingi za huku ziko nyuma ya friji gadi, kile kisanduku kinachosubiri dakika kadhaa ili umeme utulie. Kwa hiyo kelele inayochelewa hivyo kisha ikaingia kwa mkupuo ni friji, hasa zile mpya zenye kompresa ya inveta. Friji za zamani zenye mota ya kawaida hutoa mlio mmoja wa tiki wakati wa kuwaka, basi. Nilianza kuandika kwenye daftari saa na tabia ya kila kelele, na baada ya muda naweza kukaa gizani nikajua ni nyumba ya upande gani imerudishiwa umeme kwanza.

Mchezo huu unaharibika, hata hivyo, kwa sababu giza la siku hizi si giza. Miaka ya nyuma umeme ukikatika mtaa mzima ulikuwa mishumaa na koroboi. Leo kila paa la tatu lina paneli. Sifa zote kwa sola, nami ninayo. Ila kontrola zinazobadilisha volti za paneli ili kuvuna zaidi, zile za MPPT, hukata umeme kama adapta zinavyokata, na zina waya mrefu kwenda darini, yaani antena ya bure tena juu ya paa. Kelele yake ina saa za jua: huanza asubuhi, hutulia wingu likipita, hubadilika sauti betri ikijaa, hufa magharibi. Ukiona kelele inayofuata jua namna hiyo, usihangaike na mita ya yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, wala nguzo. Tafuta paneli.

Ya kwangu ilikuwa kwenye bendi ya mita 20, kila mchana. Niliitafuta kwa redio ndogo ya transista. Redio hizo zina kijiti cheusi cha feraiti ndani, kimezungushiwa waya mwembamba, na hicho ndicho antena yake ya mawimbi ya kati. Kijiti hupokea vizuri sana kwa ubavu na vibaya sana kwa ncha. Kwa hiyo usitafute pale kelele inapokuwa kubwa. Zungusha redio mpaka kelele izame, na ncha ya kijiti itakuwa inamwelekea mkosaji, mbele yako au nyuma yako. Fanya hivyo ukiwa mahali pawili tofauti, uone mistari inapokatana. Ukikaribia, hamia masafa ya juu zaidi. Kelele iliyo mbali husikika kwenye masafa ya chini tu. Ikianza kusikika hata megahezi 15 au 20 kwa redio ndogo yenye antena iliyokunjwa, uko mlangoni.

Jambo la busara kabla ya kuzunguka: nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, nikamweleza. Mtu anayetembea mitaani polepole, ameinamisha sikio kwenye redio, anasimama mbele ya mageti ya watu na kujizungusha, atapewa jina haraka sana, na halitakuwa jina la kisayansi.

Mistari ilikatana kwa mama mmoja anayeuza soda baridi na samaki, mwenye friza inayotumia sola. Nilimkuta anamenya vitunguu.

"Mama, habari za mchana."

"Nzuri, mwanangu. Samaki wamebaki wawili."

Nikamwambia nimefuata sola. Nikamsikilizisha redio ndogo ikiwa karibu na ukuta wenye kontrola. Akasikiliza, akacheka.

"Kwa hiyo hiyo sola inaongea?"

"Inaongea, mama, tena haipumui."

"Na wewe unataka niizime? Samaki wangu utawanunua?"

Hapo ndipo wawindaji wengi wa kelele hupoteza vita. Sikumwomba aizime. Nilimwomba ashike swichi ya paneli mwenyewe, aitoe na kuirudisha, huku redio iko mkononi mwake. Akatoa, kimya. Akarudisha, mvumo. Akarudia zaidi ya nilivyomwomba. Mtu akiiona kwa mkono wake hahitaji mhadhara wa mawimbi, na muhimu zaidi, haoni kuwa ameletewa mashtaka.

Fundi aliyefunga ile sola alipitisha waya chanya upande mmoja wa paa na waya hasi upande wa pili, kwa sababu ndivyo misumari ilivyokuwa. Kati yake palikuwa na kitanzi kikubwa kama chumba. Tulizishusha waya zote mbili, tukazisokota pamoja kuanzia paneli hadi ukutani, tukazizungusha kwenye pete moja karibu kabisa na kontrola, zote mbili kwa pamoja na kwa upande uleule. Ukizungusha waya mmoja pekee, mkondo mkubwa wa sola unaishibisha feraiti na haifanyi kazi. Kisha tukasogeza betri ili waya zake ziwe fupi. Kelele haikufa. Ilishuka kutoka S7 hadi S3, na hiyo inanitosha. Friza haikujua kitu, na mimi sasa ndiye fundi sola wa yule mama, cheo nisichokiomba.

Na kabla hujaenda kwa jirani ujue deni lako. Wati 100 kwenye waya ulio juu ya mwembe huingia kwenye sabufa za watu. Sauti ya mwanaredio ikitokea katikati ya taarabu ya jirani saa tatu usiku, haisaidii kumweleza kuwa sabufa yake ndiyo yenye ubovu, ingawa kwa kawaida ndivyo ilivyo. Mpe pete ya feraiti kwa waya za spika. Ukimtibia yake, yako atakufungulia mlango.

Kuna washtakiwa wasio na hatia pia. Kinu cha kusaga mahindi kinapiga kelele masikioni na kila mtu anadhani kinapiga redioni. Mota yake haina brashi, na redioni ni kimya isipokuwa tiki ya kuwasha. Boda boda inasikika kwenye bendi za juu kama mbegu zinazopasuka kwenye kikaango, ikipita na kwenda zake, na kizuia kelele cha redio kinaifuta, kwa kuwa kimetengenezwa kwa mipigo mifupi kama hiyo. Uzio wa umeme hupiga tiki moja karibu kila sekunde. Ukisikia hivyo, tazama kuta za watu wenye mali.

Nguzo ndizo mtihani. Kiangazi, Desemba hadi Februari, mbao hunywea, bolti na vishikizo hulegea, na umeme wa msongo mkubwa unaanza kuruka pengo dogo sana kati ya chuma na chuma. Ni mkwaruzo mkali wa hezi 100 unaojaa kila bendi. Upepo unaubadilisha. Mvua ya kwanza ikinyesha unapotea, kwa kuwa maji huziba lile pengo. Hiyo ndiyo alama yake kuu. Kelele ya vikombe vichafu vya kaure, vile vinavyoshikilia waya juu ya nguzo, hufanya kinyume, huongezeka unyevu ukija. Kuitafuta kwa redio ya kawaida kutakuzungusha, maana waya hubeba kelele kilomita nzima na kila nguzo inaonekana ndiyo. Inabidi upande hadi masafa ya VHF kwa redio inayopokea AM, kama zile za bendi ya ndege za megahezi 118 hadi 137, yenye antena ya kuelekeza. Hapo nguzo yenye ugonjwa hujitenga na wenzake. Andika namba yake, usiipige, usiitikise, usiegemeze ngazi. Nimeona video za watu wanaogonga nguzo kwa nyundo ili kelele ibadilike. Juu yao kuna volti 11,000 zilizoshikiliwa na kitu ambacho tayari wanajua kimelegea.

Nilikwenda kuripoti nguzo yangu kwenye ofisi husika. Neno redio halikumsisimua mtu. Nilipoongeza kuwa kitu kinatoa cheche usiku na kwamba hapo chini watoto hupita kwenda shule, fomu ikapatikana. Walikuja baada ya muda mrefu, wakakaza kitu, wakaondoka. Sikuambiwa ni nini, lakini mkwaruzo haukurudi kiangazi kilichofuata.

Kuhusu viwango, kamati ya kimataifa ya CISPR imekuwepo tangu 1934 kwa ajili ya kelele hizi hizi, na balbu halali inatakiwa kutimiza mipaka yake. Nasema hivi bila matumaini makubwa. Alama kwenye boksi huchapwa kwa wino, na hata kifaa kilichotimiza mipaka kwa haki kimepimwa ili kisiharibu matangazo ya kawaida, si ili mimi nimsikie mtu wa maikrovolti nusu. Ninapokwenda dukani naomba balbu ijaribiwe kwenye soketi ya muuzaji huku redio ndogo iko karibu nayo. Wauzaji wamenizoea. Mmoja sasa ananiwekea pembeni zile zilizo kimya.

Yanayobaki ni upande wa antena. Nimeihamishia mbali na ukuta kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na mahali waya unapokutana na kebo nimeweka pete yenye mizunguko ya kebo yenyewe, kwa sababu nje ya kebo nako ni waya, na huchota kelele ya nyumba na kuipandisha hadi kwenye antena. Hatua hiyo peke yake ilinipa ngazi mbili. Ningeifanya kabla ya kumtembelea jirani yeyote.

Kwa sasa ninaishi na S3 umeme ukiwapo, isipokuwa saa za kazi, kwa kuwa hatua chache kutoka kwetu kuna fundi wa kuchomelea mageti. Cheche zake hujaza redio kutoka mwanzo wa piga hadi mwisho, na hakuna feraiti itakayotibu hilo. Anafungua saa tatu asubuhi, anafunga saa kumi na mbili jioni, na bendi ya mita 40 huanza kufika mbali jua likishazama. Hatujawahi kuzungumza habari hiyo. Umeme ukikatika naye hukaa chini kama sisi wengine. Siku akinunua jenereta, tutazungumza.